Kushikashika Mtoni: Namna ya Kupumzika kwenye Kijumba cha Mbao Majira ya Kuchipua

Mtu aliyezoea kazi ukimkalisha kibarazani mbele ya mto, robo saa ya kwanza atausifu upepo. Robo saa ya pili ataanza kupapasa mfukoni akitafuta simu. Ikitimia saa nzima atakuwa amesimama, mikono kiunoni, anakagua paa. Wenzake watamwambia akae chini, si amekuja kupumzika? Mimi nasema mwacheni. Mpeni bisibisi.

Kwa watu wa namna hii, na mimi nimo, mapumziko ni kushikashika. Unakaza bawaba iliyolegea. Unapiga msasa mpini wa shoka. Katikati ya kazi mdiria anapita juu ya maji kama jiwe la buluu lililorushwa, basi unaiweka kazi chini, unamtazama, na pengine huirudii tena mpaka kesho. Hakuna msimamizi wala mteja anayesubiri. Kanuni yangu ni moja tu: kila siku kazi moja ya lazima, iishe kabla ya saa sita mchana. Zinazobaki zifanywe kwa kupenda, na ziachwe kwa kupenda.

Siku ya kwanza ndiyo yenye shida, maana kijumba kilichofungwa majira yote ya baridi kina mambo yake. Ukiyamaliza hayo kwa utaratibu, siku zinazofuata ni zako.

Hatua ya 1: Chagua siku zako, beba vichache

Kaskazini mwa dunia majira ya kuchipua huanza kuhesabiwa karibu na tarehe 20 Machi, na kusini karibu na 22 au 23 Septemba, mchana na usiku vinapolingana. Lakini usiende kwa kalenda. Nenda njia ikishakauka kiasi cha gari kupita bila kuzama, na baridi ya usiku ikiwa haigandishi tena maji. Uzuri wa kwenda mapema ni mwanga: kwenye latitudo ya 50, siku hurefuka kwa takriban dakika nne kila siku ipitayo. Ukikaa wiki moja unajikuta umeongezewa karibu nusu saa ya mwanga, asubuhi na jioni, bure.

Vifaa vienee kwenye ndoo moja: bisibisi, koleo, nyundo, misumari michache, msasa, kinoo, kopo la mafuta ya mashine, kamba, tochi, glavu za mpira na betri mpya. Rangi iache nyumbani. Najua ukuta unaonekana vibaya baada ya baridi, lakini ubao wa majira haya bado umejaa unyevu, na rangi ukiipaka juu yake itabanduka kabla ya mwaka kwisha.

Hatua ya 2: Zunguka nje kabla ya kufungua mlango

Weka mizigo chini, kizunguke kijumba taratibu mara mbili. Mara ya kwanza tazama juu: vigae au mabati yaliyohama, matawi yaliyolala juu ya paa, mifereji ya paa iliyoziba majani. Mara ya pili tazama chini: udongo uliobomoka, alama ya maji ukutani, nguzo iliyoinama.

Ngazi za kibaraza usiziamini kwa macho. Chukua bisibisi, chomeka ncha yake kwenye ubao, hasa sehemu zinazogusana na udongo na pale ubao unapokutana na ubao. Ubao mzima hukataa. Uliooza hupokea ncha kama keki. Ukikuta hivyo, ruka ngazi hiyo, na hapo umeshaipata kazi yako ya lazima ya kesho.

Chini ya upenu tafuta viota vya nyigu. Majira haya malkia huwa bado peke yake na kiota chake ni kidogo, hakizidi mpira wa gofu. Kukiondoa sasa, jioni hewa ikiwa baridi, ni kazi ya dakika moja. Ukisubiri kiangazi utakuta kundi zima. Kiota cha ndege chenye mayai ni jambo jingine kabisa. Kiache, na upite mlango wa nyuma.

Hatua ya 3: Fungua madirisha, na usishike ufagio

Hapa ndipo watu hukosea. Unaingia, unakuta mavi ya panya jikoni, hasira inakupanda, unashika ufagio. Tulia kwanza. Katika sehemu nyingi za dunia baadhi ya panya hubeba virusi vya hanta, na mtu huvivuta pamoja na vumbi la mavi na mikojo yao iliyokauka. Ufagio ndio unaolirusha vumbi hilo hadi puani.

Fungua milango na madirisha yanayotazamana, utoke nje kwa nusu saa. Nenda kautazame mto. Ukirudi vaa glavu, changanya sehemu moja ya dawa ya klorini na sehemu tisa za maji, nyunyizia palipochafuka mpaka palowe chapachapa. Subiri dakika tano, futa kwa karatasi au kitambaa utakachokitupa, kisha piga deki. Magodoro na mablanketi yatoe juani kutwa nzima, uyageuze mara moja mchana. Harufu ya kijumba kilichofungwa miezi mitano haiondoki kwa manukato, inaondoka kwa jua.

Hatua ya 4: Rudisha maji polepole

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba la chuma haliwezi kuyazuia. Ndiyo maana hata kama ulimwaga maji yote kabla ya baridi, chukulia kwamba kuna kona moja yalibaki.

Mwaka mmoja nilifungua koki kuu kwa mkupuo mmoja, kwa pupa ya kutaka kuoga. Kiungo cha chini ya sinki kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilikuwa nje napiga mluzi. Niliporudi, zulia lilikuwa linaelea.

Siku hizi nafanya hivi. Nafunga koki zote nilizozifungua kumwaga maji kabla ya baridi, kisha naacha bomba la mbali kabisa, au lililo juu kuliko yote, likiwa wazi ili hewa ipate pa kutokea. Koki kuu naifungua robo tu, halafu nasimama kimya nisikilize. Mabomba yakijaa hukohoa na kutema hewa, hiyo ni kawaida. Bomba lile likitoa maji bila hewa, nalifunga. Sauti ya kuogopa ni ile ya mchirizi usiokoma ndani ya ukuta ilhali mabomba yote yamefungwa. Napapasa kila kiungo kwa kitambaa kikavu cha karatasi, kwa sababu kitambaa huona tone ambalo jicho halilioni. Kama hakuna kitu, namalizia kufungua.

Kama una tangi la kupashia maji kwa umeme, usiliwashe kabla halijajaa na bomba la maji moto halijatoa mkondo usiokatika. Koili ikiwaka bila maji huungua papo hapo.

Maji ya mtoni hata yakiwa maangavu kama kioo, ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja kamili. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari ziwe dakika tatu, maana huko maji huchemka kwa joto dogo zaidi.

Hatua ya 5: Moto wa kwanza

Betri za king'ora cha moshi na cha monoksidi ya kaboni zibadilishwe kabla ya kiberiti kuwashwa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na dohani lililozibwa na kiota cha ndege huirudisha yote chumbani. Angalia juu kwa tochi kupitia jiko. Ukiona masizi mazito yanayong'aa kama lami, usiwashe hadi dohani lisafishwe, kwa sababu masizi hayo yenyewe hushika moto.

Dohani likiwa safi bado litakugomea. Hewa baridi nzito imekaa humo kama kizibo, ukiwasha kuni moshi wote unarudi usoni. Kunja ukurasa mmoja wa gazeti, uwashe, uushike karibu na mdomo wa dohani kwa muda mfupi. Utasikia hewa ikianza kuvuta. Hapo washa vijiti, kisha kuni ndogo. Kuni ziwe kavu za mwaka jana. Mbili zikigonganishwa na kulia "kong" zinafaa. Zikilia "bu", bado ni mbichi.

Birika likishakuwa juu ya jiko, siku ya kwanza imekwisha. Usijiongezee kazi.

Hatua ya 6: Chomeka kijiti cha mto

Hii ndiyo shughuli ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo yenye manufaa zaidi. Kata kijiti kilichonyooka, urefu wa mkono mmoja, ukimenye gamba. Kwa kisu kata alama kila sentimita 5. Asubuhi ya pili kichomeke ukingoni mahali maji yametulia, uso wa maji uguse alama ya katikati. Kisha kila unapopita, tazama.

Mto unaolishwa na theluji hupumua. Mchana jua huyeyusha theluji huko juu, lakini maji hayo yana safari. Yanaweza kukufikia jioni, au usiku wa manane, kulingana na umbali wa milima. Asubuhi unakuta kijiti kimetoka sentimita tano nje, saa moja jioni kimezama tena. Baada ya siku tatu utakuwa umeshaijua ratiba ya mto wako: lini unajaa, lini unapungua, lini ni salama kufika kwenye lile jiwe bapa la kukalia.

Kijiti hukuonya pia. Maji yakipanda asubuhi wakati yalipaswa kushuka, kuna mvua imenyesha juu ambayo wewe hukuiona. Yakigeuka ghafla kutoka maangavu kuwa ya kahawia, yakibeba matawi na povu, ondoka ukingoni hapohapo, kiti kibaki. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima. Na usisimame kwenye ncha ya kingo yenye nyasi zinazoning'inia, maana majira haya mto umeshakula udongo kwa chini na kilichobaki ni zulia tu.

Kuhusu kuogelea, siku ya nyuzijoto 20 hukudanganya. Hewa ni ya kiangazi, maji ni ya theluji. Mtu akianguka kwenye maji baridi namna hiyo, pumzi humkata kwa ghafla, na ndani ya dakika ile ya kwanza anaweza kuvuta maji badala ya hewa. Ikikutokea, usipigane nayo. Elea, tuliza pumzi, kisha ndipo utafute njia ya kutoka, kwani una kama dakika kumi kabla vidole havijakataa kushika. Miguu mpaka kwenye kifundo, ukiwa umekaa kwenye jiwe, inatosha kabisa. Utapiga kelele, na utaburudika.

Hatua ya 7: Mashua na maji yake

Kama kuna mashua ndogo ya mbao, imelala kifudifudi tangu vuli, mbao zimekauka na kuachana. Ukiitia majini leo, itajaa kabla hujashika kasia. Wengi huona nyufa hizo wakakimbilia gundi. Gundi ya nini? Mbao zenyewe zinataka maji.

Igeuze, fagia majani na buibui. Kagua mbao kwa bisibisi kama ulivyokagua ngazi. Kalafati, yaani nyuzi zinazoziba mianya ya mbao, iliyochomoka kabisa irudishe: chukua nyuzi za pamba, zisokote, zisukumie kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo nyepesi, ukigonga kidogokidogo bila kulazimisha. Usijaze mpaka pomoni, kwa sababu ubao utafura na ukikosa nafasi utapasuka.

Kisha ivute mpaka kwenye maji mafupi yaliyotulia, uifunge omo, yaani mbele, kwa kamba imara kwenye mti na si kwenye kigingi, halafu uiache ijae. Ndiyo, ijae. Siku mbili au tatu itakaa hapo imezama nusu, na kila mpita njia atakupa pole. Wewe tabasamu. Siku ya tatu fua maji kwa ndoo, subiri saa moja uone yanarudi kwa kasi gani. Yakirudi kikombe kimoja, mashua iko tayari.

Siku hizo mbili za kusubiri ndizo za makasia. Yapige msasa kwa kufuata mkondo wa ubao, yapake mafuta kwa kitambaa, yaegemeze kivulini. Angalia na vishwara vinavyoshika makasia, kamba iliyochakaa ibadilishe. Mashua yenyewe usiitoe hadi kijiti kikuonyeshe kwamba mto umetulia, na jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe kama mto wa kiti.

Hatua ya 8: Kunoa

Hakuna shughuli inayokwenda na sauti ya maji kama kunoa kisu. Kinoo cha maji kitumbukize kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe, kama dakika kumi. Kaa ngazi ya chini, kinoo juu ya kitambaa kilicholowa kisiteleze. Ulaze ubapa wa kisu, kisha uinue mgongo wake hadi nafasi iliyo chini iwe ya takriban nyuzi 20. Kwa kisu cha jikoni ni kama upana wa kidole kimoja, siyo zaidi.

Sukuma mbele kama mtu anayekata ngozi nyembamba kwenye uso wa jiwe. Usikandamize. Matope ya kijivu yanayotokea usiyaoshe, ndiyo yanayonoa. Baada ya dakika chache pitisha kidole gumba upande wa pili, ukitoka kwenye mgongo kwenda nje na kamwe si kufuata makali. Ukihisi ukwaruzo mdogo umejikunja urefu wote wa kisu, upande mmoja umekamilika. Geuza. Mwisho pitisha mara tano tano kwa uzito wa kisu chenyewe tu, na ukijaribu karatasi ikatike bila kulia.

Mimi hutumia asubuhi nzima kwa visu vitatu na shoka moja. Mtu mwenye haraka angemaliza kwa dakika ishirini. Sijui angefanya nini na muda uliobaki.

Hatua ya 9: Kukaa

Kukaa nako kunahitaji mahali. Usiweke kiti kimoja kibarazani ukadhani imetosha. Weka viwili: kimoja upande wa mashariki kwa ajili ya asubuhi, kingine panapopata jua la mwisho. Hewa ya majira haya ni ya joto juani na ya baridi kivulini, hivyo bila kuhama utajikuta umerudi ndani saa tisa tu.

Ndege ndio burudani. Korongo husimama majini muda mrefu hata ukadhani ni kisiki, na ukigeuka kuchukua kikombe ameshameza samaki. Kaskazini mwa dunia mbayuwayu wanarudi majira haya kutoka kusini, na ukiwaona wakizoa matope ukingoni, tone moja moja kwa mdomo, ujue wanajenga, pengine chini ya upenu wako huohuo. Usiende na daftari la kuhesabu ndege kama mtu wa ofisini. Ukimkumbuka mmoja inatosha.

Samaki? Uliza kwanza sheria za mto wenyewe, kwa kuwa mahali pengi uvuvi hufungwa wakati samaki wanapotaga, na wengi hutaga majira haya. Maji pia huwa ya tope. Ndoana nazisafisha tu na kuzipanga kwenye kisanduku.

Na ulale mchana. Usingizi wa saa nane mchana, dirisha wazi, mto ukinguruma, haufidiwi na wa usiku.

Hatua ya 10: Jioni

Kabla ya kuoga, jikague kupe. Huamka mapema kuliko tunavyodhani, hata kwa nyuzijoto 4 au 5 wengine wanatembea, na hupenda nyasi ndefu za ukingoni. Tazama nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio. Ukimkuta ameng'ata, mshike kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma moto. Paoshe kwa sabuni, andika tarehe, na ukiona wekundu unaotambaa au homa katika wiki zinazofuata, nenda kwa daktari.

Kisha teremka na tochi, soma kijiti, ongeza fundo moja kwenye kamba ya mashua. Kiti chochote kilicho karibu na maji kipandishe juu.

Kabla ya kuondoka

Funga koki kuu, hata kama unarudi wiki ijayo. Majivu ya jiko yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta wa mbao, kwa kuwa makaa yanaweza kukaa hai chini ya majivu kwa siku kadhaa. Chakula usiache hata punje.

Halafu chukua karatasi, uandike kazi ulizoziona na hukuzifanya, uipigilie msumari nyuma ya mlango. Usiione aibu ikiwa ndefu. Ndiyo itakayokurudisha. Yangu ina mambo kumi na moja, na bawaba ya dirisha la jikoni imo humo tangu mwaka juzi. Inalia kidogo upepo ukivuma kutoka mtoni.